Habari kwa Vijiko

Nyumba ile ilikuwa na mgonjwa mmoja wa moyo, na mtaa mzima ulimjua. Alikuwa dalali wa mnada, mwenye sauti iliyowahi kuwauzia makabati hata watu waliokuwa wanapita zao tu, hawana habari na kabati. Mpaka leo wanamwita Dalali, ingawa mnadani hajakanyaga tangu siku moyo ulipomwangusha katikati ya kunadi kitanda. Siku hiyo aling'ang'ania kuwa ni gesi. Akanywa maji ya tangawizi, akajinyoosha kwenye kitanda kilekile alichokuwa akikinadi, akasubiri gesi itoke. Gesi gani! Walipomfikisha hospitali, daktari aliwaambia wangechelewa kidogo tu wangekuwa wameleta maiti.

Mkewe hakulisahau neno hilo. Ni fundi wa kushona sare za shule, na mtaani anaitwa Mama Kimya, jina ambalo hakuzaliwa nalo wala hakuwahi kulipenda. Alilipata baada ya mumewe kutoka wodini.

Mambo yalikwenda hivi. Kliniki ya moyo ina nesi asiyetaka mchezo. Kabla daktari hajaanza kuita watu, yeye anawasimamisha wagonjwa na ndugu zao mmoja mmoja, kama darasani, anawauliza dalili. Ukibabaika, unakaa chini huku wenzako wanakucheka. Mama Kimya alikuwa bingwa wa darasa lile.

"Kifua kubanwa kama umewekewa gunia," alikuwa akisema bila kupepesa macho. "Maumivu kwenda mkononi, begani, shingoni, kwenye taya, mgongoni. Jasho la baridi. Kichefuchefu. Kukosa pumzi. Kuishiwa nguvu bila sababu."

"Na wanawake?"

"Wengine kifua hakiwaumi sana. Inaweza kuwa taya tu, au mgongo, au uchovu na kutaka kutapika."

"Ukiona hayo unafanya nini?"

"Sisubiri. Silali nikasema itapita. Naita msaada, naenda hospitali papo hapo."

Nesi alikuwa anapiga makofi. "Mnamsikia mwenzenu? Mume wa huyu hafi kizembe!" Na huyo mume mwenyewe yuko nyuma, kofia imemfunika uso, amelala fofofo. Au amejifanya amelala, maana kwa Dalali hujui.

Sasa, hayo ya nesi yalikuwa sawa kabisa. Balaa lilitoka kwenye benchi. Kulikuwa na bwana mmoja kwenye foleni, mgonjwa kama wengine, aliyemnong'oneza Mama Kimya: "Shemeji, haya mengine ni mapambo. Mtu wa moyo ukimshtua tu, kwisha habari yake." Basi! Kati ya nesi aliyesomea kazi yake na bwana wa benchi aliyesomea wapi sijui, Mama Kimya aliyabeba ya wote wawili nyumbani, na ya benchi ndiyo yaliyoshika mizizi.

Akaanza na birika. Filimbi yake akaing'oa kwa koleo. Miguu ya viti akaivalisha vipande vya ndala kuukuu ili visikwaruze sakafu. Chini ya cherehani akatandika blanketi. Vyombo vikawa vinaoshwa juu ya taulo, milango inafungwa kwa mikono miwili, redio inasikilizwa kwa kubandika sikio. Mpira, marufuku. Taarifa ya habari, marufuku. Mgeni akibisha hodi kwa nguvu, anakuta Mama Kimya ameshatokeza mlangoni, kidole mdomoni: "Shsh! Mzee ana moyo." Kana kwamba wengine wote hawana.

Na Dalali mwenyewe? Mwanzoni aligomba. Akagomba kwa sauti, mkewe akalia, akanyamaza kwa huruma. Baadaye akazoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Anakaa barazani ameshika kikombe, anatazama watu wanavyopita wakipiga kelele zao, anawaonea wivu. Siku moja alimwambia jirani yao dereva wa teksi, kwa mnong'ono, "Mke wangu amenizika, bado udongo tu." Jirani akacheka. Yeye hakucheka.

Lakini kilichomkaa Dalali rohoni kuliko yote ni habari ya kaka yake. Kaka alipofariki, Mama Kimya na binti yao walikubaliana mzee asiambiwe ghafla. Wakampa habari kwa vijiko. Kwanza: kaka ana mafua. Kesho yake: mafua yameshuka kifuani. Halafu: amelazwa. Halafu: madaktari wanahangaika. Kufika siku ya kumwambia ukweli, marehemu alikuwa ameshazikwa, na Dalali hakupata kutupa hata konzi moja ya udongo kwenye kaburi la ndugu yake wa tumbo moja. Alilia kimyakimya, kwa sababu katika nyumba ile hata kilio kilikuwa na kiwango chake. Tangu hapo, mtu akianza sentensi polepole mbele yake, anakunja ngumi.

Ndivyo walivyokuwa wakiishi mpaka asubuhi ile.

Asubuhi ile Mama Kimya alikuwa kwenye cherehani, anapachika kola za mashati, na taya la kushoto likaanza kumuuma. Si maumivu ya kupiga kelele. Ni maumivu mazito, ya kuvuta, kama vile mtu ameshika mfupa na hataki kuuachia. Akapitisha ulimi kwenye magego, akalikuta bovu moja alilolijua siku nyingi. "Limeanza tena," akasema, akaendelea kushona.

Halafu mgongo, katikati ya mabega. Sawa, nani ashone siku nzima mgongo usimuume? Halafu tumbo likachafuka, akasema ni chai aliyoinywa bila kula. Halafu jasho. Dirisha lilikuwa wazi, upepo unaingia mpaka vitambaa vinapeperuka, na yeye shingo imelowa, jasho la baridi linateremka ndani ya gauni. Hapo mkono wake ukasimama juu ya gurudumu la cherehani.

Jamani, mwanamke huyu alikuwa anajua! Hakuna aliyejua kama yeye. Dalili zilikuwa zinajipanga mbele yake moja baada ya nyingine kwa mpangilio uleule aliokuwa akiusema kliniki, na sauti ya nesi ilikuwa kichwani: na wanawake? Lakini kila alipofika kwenye jibu, akili ilikuwa inageuka na kumtazama mume. Mgonjwa ni yule pale barazani. Nyumba hii moyo ni wake. Wa kwangu ni wa kuutunza wa kwake. Hivyo ndivyo alivyokuwa amejipangia, na hakuwa amejiwekea nafasi ya pili.

Akashika simu, akampigia binti yao kazini. Simu haikumaliza hata mlio wa kwanza.

"Baba yuko sawa?" Binti hakuwa na salamu nyingine siku hizi.

"Yuko sawa. Yuko barazani."

"Amemeza dawa?"

"Amemeza. Mwanangu, mimi..."

"Eh, mama, mbona unanitisha! Kuona namba yako tu roho imeruka. Una nini?"

"Nimechoka tu."

"Si nimekuambia upunguze hizo sare? Pumzika, mama. Niko na watu hapa, nitakupigia jioni." Akakata.

Mama Kimya akabaki na simu sikioni. Angeweza kupiga tena. Angesema nini? Akisema, binti atapiga kelele. Atampigia baba yake. Atakuja mbio, ataangusha mlango. Na yule pale barazani ashtuke, aanguke, na yeye ndiye awe amemuua. Akiondoka peke yake kimyakimya, mzee ataingia akute nyumba tupu, cherehani wazi, ndiyo mshtuko mbaya zaidi. Akimwita jirani wa teksi, yule naye mdomo wake hauna breki. Kila mlango alioujaribu ulikuwa na mumewe amesimama nyuma yake, ameshika kifua. Na milango hiyo yote alikuwa ameifunga yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili, taratibu, bila kelele.

Akajaribu kujikaza kisabuni. Akaokota shati, akapanga kola, akashona mshono uliopinda ambao hata mwanafunzi wa wiki moja angeuonea aibu. Akaufumua. Pumzi zikawa fupi. Jua likahama dirishani, likaenda upande wa pili wa nyumba, na yeye bado amekaa palepale akisema litapita, hili litapita. Aliogopa. Aliogopa mpaka machozi yakamtoka, na akayafuta haraka yasije yakaonekana.

Mchana ulipokuwa umekwisha kabisa ndipo alipopiga moyo konde. Akasimama, akajishika ukutani, akatoka barazani, akakaa kwenye kiti chenye miguu ya ndala karibu na mumewe. Atamwambia. Lakini atamwambia kwa utaratibu. Kwa vijiko.

"Baba," akaanza, kwa sauti ya chini, "kuna mtu hajisikii vizuri."

Dalali akaweka kikombe chini. Mnaweza kukisia alivyokunja ngumi.

"Nani?"

"Mtu tu. Si sana."

"Wa mbali au wa karibu?"

"Wa... karibu kiasi." Akavuta pumzi, haikutosha, akavuta nyingine. "Anaumwa jino. Labda na mgongo kidogo."

"Leo jino, kesho amelazwa, keshokutwa mmeshamzika!" Dalali alisema bado kwa mnong'ono, lakini mnong'ono unaotetemeka. "Nani amekufa, mke wangu? Niambie mara moja. Ni mtoto?"

"Hajafa mtu. Nakuambia taratibu tu, usije..."

"Mlinifanyia hivihivi kwa kaka yangu! Sikumzika kaka yangu kwa ajili ya taratibu zako!"

Akageuka kumkabili, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama usoni. Aliuona uso wa rangi ya majivu. Aliuona mkono ulioshika taya, jasho kwenye mdomo wa juu, gauni lililogandana mgongoni wakati yeye mwenyewe alikuwa amevaa sweta. Dalali wa nyuma ya darasa, wa kofia usoni. Kumbe hakuwa amelala hata siku moja.

"Taya," akasema. "Mgongo. Jasho. Unataka kutapika?"

Mama Kimya akatikisa kichwa kukubali.

"Tangu lini?"

"Asubuhi."

"Mama yangu wee!"

Na hapo, enyi watu, mtaa ule ukasikia kitu ambacho haukuwa umekisikia tangu siku ya kitanda. Dalali alisimama, akaingiza hewa mpaka vifungo vya sweta vikalia, akaachia. "JIRANIII! LETA TEKSI! MKE WANGU ANAUMWA MOYO! TEKSI, SASA HIVI!" Kuku walitawanyika. Madirisha yalifunguka upande wote wa pili wa barabara. Na Mama Kimya, akiwa hana pumzi, akiwa anazama pale kitini, aliinua kidole kikaenda mdomoni. "Shsh," alisema. "Moyo wako, baba. Shsh."

"Moyo wangu umekunywa dawa tangu asubuhi! Kaa hapo hapo, usisimame, usitembee!"

Akakimbilia ndani kuchukua dawa yake ya kuweka chini ya ulimi, akafika nayo mlangoni, akasimama. Nesi alisema dawa ya mtu haigawiwi kama pipi. Akaitupia kwenye mfuko wa kliniki, akaubeba mfuko mzima. Jirani alifika amevaa shati kinyume. Wakamwinua Mama Kimya pamoja, wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa kifuani pa mumewe. Njia nzima alikuwa anausikiliza moyo wa mume kwa sikio lililobanwa kifuani mwake, anahesabu mapigo yake badala ya maumivu yake mwenyewe. Hakukoma. Hata pale hakukoma.

Hospitali nayo ikawa na vituko vyake. Getini walimwona Dalali wanayemjua, anatweta, jasho linamtoka kwa mbio zile, mfuko wa kliniki begani wenye jina lake. Nyuma yake yupo mkewe, anashikiliwa na jirani, mtulivu, kimya kama kawaida yake. Mhudumu wa zamu hakuuliza. Akaleta kiti cha magurudumu mbio, akamkalisha Dalali kwa nguvu, akaanza kumsukuma.

"Mzee, usiongee, tulia!"

"Si mimi!"

"Wote wanasema hivyo, mzee. Tulia, utaongeza presha."

Kiti kikaanza kwenda. Mama Kimya alikiona kinakwenda. Alijua amebaki nyuma, alijua anatakiwa kusema neno moja tu, ni mimi, na neno hilo halikuwa na njia ya kutokea. Muda wote ule alikuwa ameifundisha nyumba kunyamaza, na sasa koo lake lilikuwa limefaulu somo. Akafungua mdomo. Ikatoka hewa. Akamwelemea jirani, wakayumba wote wawili, na korido ikaanza kuwa nyembamba na ya mbali.

Dalali akashika magurudumu yote mawili kwa mikono mitupu. Kiti kikagota, mhudumu nusura aruke juu yake. Na pale katikati ya korido, mbele ya wagonjwa na wasindikizaji, alinadi kama hajawahi kunadi. "NI YULE PALE! MWANAMKE WA GAUNI LA BLUU! TAYA, MGONGO, JASHO LA BARIDI, TANGU ASUBUHI! MTAZAMENI YEYE! YEYE!"

Nesi wa kliniki alikuwa anapita ng'ambo na trei ya sindano. Alisikia taya, akasikia mgongo, akageuka, akamwona bingwa wake anateleza ukutani. Trei aliiacha pale pale sakafuni. "Kitanda!" alisema, na vitu vyote vikaanza kwenda mbio: kitanda, oksijeni, waya za kifuani, mashine inayochora moyo kwenye karatasi, daktari anayesoma karatasi hiyo huku anatembea. Mtu alimuuliza Mama Kimya anaitwa nani, akajibu kwa jina la mumewe.

Hakufa. Nawaambia mapema, msije mkasema nami nawapa kwa vijiko. Mshipa ulikuwa umeziba, wakauzibua kwa dawa, na usiku huo alikuwa amelala wodi ya wanawake karibu na dirisha, mzima kwa kiasi mtu anachoweza kuwa mzima katika hali ile.

Nesi alikuja kabla ya kwenda kwao. Alisimama kando ya kitanda, akasoma karatasi ya mgonjwa.

"Taya lilianza asubuhi, mama?"

"Asubuhi."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

"Wewe ndiye uliyekuwa unawafundisha wenzako."

"Nilijifunza kwa ajili yake, nesi," alisema Mama Kimya. "Sikujifunza kwa ajili yangu."

Nesi alitaka kugomba, ikaonekana. Mdomo ulifunguka kabisa. Badala yake akavuta shuka, akalinyoosha pasipohitaji kunyooshwa, akaondoka na macho mekundu.

Baadaye Mama Kimya alisinzia, na katika kusinzia kule alisikia viatu. Viatu vya binti yake, anavijua, lakini vilikuwa vinanyata. Halafu sauti upande wa miguuni, mnong'ono.

"Daktari amesema nini, baba?"

"Amesema..."

"Shsh! Usiseme hapa. Polepole. Ni nini?"

Dalali akashusha sauti kwa mazoea, maskini. "Kuna sehemu ya moyo imekufa. Kwa sababu ya kukaa nayo tangu asubuhi. Hairudi. Cherehani labda basi. Ngazi basi. Kubeba ndoo basi."

"Asiambiwe," binti akanong'ona. "Mtu wa moyo hashtuliwi. Leo tumwambie kila kitu kiko sawa. Kesho tumwambie amechoka kidogo. Wiki ijayo, akishapata nguvu, ndiyo tumguse kidogo kuhusu cherehani. Na nyumbani nitaanza leo, nitaweka zulia mlangoni kwake."

Mama Kimya alikuwa amefumba macho. Akaisikia nyumba yake yote inakuja kumfunika: ndala chini ya viti, taulo chini ya vyombo, birika lisilo na filimbi, watu wanaonyata wakijua habari zake na yeye hazijui. Akajua sasa mumewe alikuwa anaishi wapi. Kifua kikamuuma, si kwa ugonjwa. Akamkumbuka shemeji yake aliyezikwa bila ndugu yake kuwapo, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Akafumbua macho.

"Semeni kwa sauti," alisema.

Binti aliruka. "Mama! Uko macho? Hakuna kitu, mama, tulikuwa tunasema tu kwamba..."

"Imekufa kiasi gani?"

"Mama, pumzika kwanza, kesho..."

"Si kesho. Moyo ni wangu." Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilifika mpaka kitanda cha tatu, na mwanamke wa kitanda cha tatu akainua kichwa. "Baba watoto, umesimama kama mgeni. Vuta kiti. Niambie yote, leo hii, usinipunguzie hata neno. Na uniambie kwa sauti yako."

Dalali alimtazama mkewe. Halafu akavuta kiti, kikakwaruza sakafu kwa kelele mbaya sana, akakaa, akakohoa kusafisha koo, akamwambia yote tangu mwanzo, na wodi nzima ikasikia.